Puti imekauka, mbona bodi ina mabonde? Kutafuta kosa kwenye vigari vya mfano

Kijana wa jirani yangu hapa Michenzani, Unguja, mtu wa Wete aliyekuja mjini kusoma, aliniletea kabini ya lori ya skeli ya 1/24 amekifunga kitu chake ndani ya kanga kama aliyebeba mayai. Alikuwa akiligeuza liwe daladala la njia ya 502, zile gari za Bububu, lenye bodi ya mbao. Kabini aliikata kwa msumeno mdogo, akaifupisha, akaiunga upya, na pale palipoungwa akapapiga puti.

"Ami, nina siku tatu napiga msasa. Kila nikipuliza rangi, kovu linarudi pale pale."

Nikaiinamisha dirishani, mwanga uje kwa ubavu. Lile halikuwa kovu. Puti ilikuwa imesimama kama tuta, na huku na huku kuna bonde, kila moja pana kama ukucha wa kidole gumba.

"Umeziba kwa nini hapa?"

"Supaglu na magadi soda."

"Na msasa uliushika na nini?"

Akainua kidole cha shahada.

Basi siku zote tatu msasa ulikuwa ukila plastiki na kuipita puti. Msasa haujui wewe unataka nini kiondoke. Unakula kilicho laini kwanza. Puti na kile ilichopakwa juu yake, kiwe plastiki au zinki, ni nadra kulingana ugumu. Nikiletewa bodi yenye kasoro, swali langu la mwanzo ni hilo: hapa kigumu kipi, kilaini kipi, na nyuma ya msasa kulikuwa na nini? Matatizo mengi ninayoyataja hapa chini yanajibiwa na swali hilo, na yaliyobaki yanajibiwa na jingine: ulisubiri muda gani?

Kabla ya dalili, ijue puti yako

Dukani Darajani au Mlandege ukisema "puti" tu, unaweza kupewa hata ile ya ukutani. Hiyo iache, inabomoka. Zinazofaa kwa vigari ni za namna nne, na kila moja ina tabia zake.

Puti ya thina ni ile ya tyubu moja, inanuka thina ukiifungua tu. Inakauka kwa thina kutoka, kwa hiyo lazima inywee. Ikikauka huwa laini kama plastiki au zaidi, na msasa unaipenda.

Puti ya hadina ni ile ya poliesta wanayotumia mafundi wa bodi za magari: uji mzito kwenye kopo, na pembeni kityubu cha hadina, dawa ya kuiivisha. Haikauki, inaiva, ni mgeuko wa kemikali. Hainywei sana, na kwa joto letu inafaa kupigwa msasa baada ya dakika 20 hadi 30, pengine kabla.

Epoksi ni vipande viwili vya kukanda kama unga wa chapati. Hainywei takriban kabisa na unaweza kuilainisha kwa kidole chenye maji, lakini zile za kawaida zinataka saa tatu nne kushika, na mimi huziacha zilale. Ikiiva ni ngumu kuliko plastiki.

Ya nne ni supaglu iliyonyunyiziwa magadi soda au poda ya talki. Inaganda papo hapo. Saa ya mwanzo msasa unaingia vizuri. Ukiiacha mpaka kesho inakuwa jiwe. Ile ya talki inabaki laini kidogo kuliko ile ya magadi.

Kijana wangu aliiacha ya magadi ikalala usiku kucha, kwa sababu alisikia puti ilazwe. Kweli puti ilazwe. Hii hailazwi.

Dalili: tuta katikati, mabonde pembeni

Kwa kuwa ndiyo iliyonikuta, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi, nianze nayo.

Sababu kubwa ni kidole. Kidole ni laini, kinafuata kila kilichopo: kikifika kwenye puti ngumu kinapanda, kikishuka kwenye plastiki kinazama. Unaona unasawazisha kumbe unachonga. Na kinyume chake kipo: puti ya thina laini juu ya zinki ngumu, kidole kinachimba puti, unapata mfereji badala ya tuta. Ukiona mfereji usikimbilie kuongeza puti. Ukiipiga tena kwa kidole utapata mfereji ule ule.

Dawa ni kibao. Kata kipande cha rula ya plastiki, au kijiti cha aiskrimu, au mabaki ya msaji kutoka kwa mchonga milango. Ubandike msasa kwa gundi ya karatasi au selotepu ya pande mbili. Kwa sehemu zenye mviringo tumia penseli, au kipande cha bomba la maji lenye mviringo unaokaribia ule wa bodi. Kwa boneti iliyopinda kidogo tu, ufutio wa shule unatosha: unakubali kupinda lakini haukubali kuzama.

Ile kabini nilimfanyia hivi, akiangalia. Nilibandika selotepu ya karatasi kila upande wa puti, ukingo wa tepu ukigusa ukingo wa tuta. Nikachukua msasa namba 240 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi) kwenye kijiti chembamba kuliko tuta lenyewe, nikapiga kwa mwendo mfupi, kwenye puti tu. Vumbi la puti ile ni jeupe, la plastiki yake lilikuwa la kijivu. Kwa hiyo vumbi lenyewe linakwambia unakula nini. Kijiti kilipoanza kuchuna tepu, nikaacha. Nikabandua tepu. Hapo puti imebaki juu kwa unene wa tepu tu, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nikahamia namba 400 kwenye kibao kirefu, sasa kikikanyaga plastiki upande huu na upande ule kwa pamoja, nikipiga kwa mshazari, kushoto kisha kulia, msalaba. Baada ya dakika tano tuta halikuwepo.

Mabonde lakini yalikuwepo, maana plastiki iliyokwisha kuliwa hairudi. Hayo tuliyajaza kwa puti ya thina, tabaka nyembamba, na kwa kuwa puti hiyo ni laini, safari hii hatari ilikuwa kinyume: tulipiga polepole, kibao kirefu, bila kukandamiza.

Unajuaje kama bonde limekwisha? Macho yanadanganya, hasa kwenye plastiki nyeupe. Mafundi wa bodi wana ujanja wao: wanapuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya sehemu nzima, ikishakauka wanapiga msasa kwa kibao. Palipoinuka panafutika mara moja, palipozama panabaki peusi. Kwa kigari, puliza kutoka mbali, sentimita 30 hivi, iwe madoa tu. Kama huna kopo la kupuliza, paka unga wa penseli kwa kidole. Mimi hutumia penseli siku za masika, maana siku hizo rangi inachelewa.

Neno lenyewe "msasa" ni jina la mti, ule wenye majani yanayokwaruza ulimi wa mbuzi, ambao mafundi seremala wa zamani walikuwa wakisugulia mbao. Jani lina faida moja ambayo karatasi haina: likichoka unalitupa bila uchungu. Watu wengi wanaharibu bodi kwa kubana matumizi ya msasa uliokwisha. Msasa mzee haukati, unasugua. Unakufanya ukandamize, na ukikandamiza ndipo unapochimba.

Dalili: msasa unaziba, puti inatoka kama ubani

Badala ya vumbi unapata vijibonge vinavyonata, na msasa unang'aa baada ya mara tatu.

Kama ni puti ya thina, haijakauka ndani. Juu imeshika ngozi, na ngozi hiyo inazuia thina iliyobaki isitoke. Bonyeza kwa ukucha mahali penye unene zaidi. Ikiacha alama, bado. Au inuse: ikiwa bado inanuka, thina bado imo. Tabaka la nusu milimita unaweza kulipiga siku hiyo hiyo, lakini mwenye kujaza shimo la milimita tatu kwa mkupuo mmoja asubiri siku kadhaa, na bado atasikitika. Paka nyembamba, acha, ongeza. Kuiweka juani juu ya bati hakusaidii: ngozi inashika upesi zaidi, na plastiki ya bodi inaweza kupinda.

Kama ni ya hadina, kuna mambo matatu. La kwanza ni la kawaida na si kosa: uso wa juu wa poliesta unaogusana na hewa hauivi vizuri, unabaki unanata kidogo. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, au uondoe utando huo kwa msasa mkavu namba 180 usiojali kuupoteza, kisha endelea na mzuri. La pili, hadina ni kidogo. Kipimo cha kawaida ni kama asilimia 2 kwa uzito, na kwa vigari ndipo watu wanapokosea, kwa sababu asilimia 2 ya kipande kidogo kama njegere haionekani kwa macho. Changanya kijiko cha chai hata kama unahitaji robo yake. Hapo hadina ni kiasi cha punje mbili za mbaazi. Puti itakayobaki tupa. La tatu, hadina yenyewe imejitenga ndani ya tyubu kwa kukaa muda mrefu dukani, mafuta yamepanda juu. Ikande tyubu kwa vidole kabla ya kufungua kizibo.

Kama puti imebaki laini kwa sababu ya hadina kidogo, usijaribu kuiokoa kwa kupaka hadina juu. Haiingii. Ikwangue yote.

Na usivuke upande wa pili pia. Wapo wanaoongeza hadina ili iive haraka. Siku za kaskazi, chumba kina joto la nyuzi 32, itaivia kijitini kabla hujaifikisha kwenye bodi, na ile hadina iliyozidi hubaki ndani ikapanda kwenye rangi baadaye, ikaacha doa. Rangi nyeupe ndiyo inayoumbuka zaidi.

Dalili: vitundu vya sindano

Umepiga msasa, uso uko sawa, lakini umejaa vitundu kama andazi lililoumuka vizuri. Hiyo ni hewa. Iliingia ulipochanganya kwa kukoroga. Puti haikorogwi, inakandwa na kubonyezwa: itandaze juu ya kigae, ikusanye, itandaze tena, kama mtu anayesawazisha chokaa. Ukiipaka, mkupuo wa kwanza uwe wa kukandamiza, puti iingie kwenye mikwaruzo, ndipo uongeze juu yake.

Vilivyokwisha kutokea havizibiki kwa praima, ile rangi ya chini inayotangulia, ingawa kila mtu hujaribu. Praima inatandika utando juu ya shimo, utando unakauka, unapiga msasa, shimo linarudi. Chukua puti ya thina, isukume kwa kipande cha kadi ya simu hadi iingie, futa iliyobaki juu, subiri, piga namba 600.

Dalili: ukingo wa puti unamenyuka

Unapofika kule puti inapokuwa nyembamba kama karatasi, badala ya kufifia inakatika vipande vipande, na ukipitisha ukucha unainuka.

Puti haikushika. Ama uso ulikuwa laini mno, ama ulikuwa na mafuta. Vigari vya zinki vya dukani vina rangi ngumu inayong'aa. Puti juu ya rangi hiyo ni kama matope juu ya kioo. Kwangua mpaka zinki ionekane, kisha ikwaruze kwa namba 180, na mikwaruzo ivuke mpaka wa puti kwa milimita tano kila upande. Bodi za plastiki na za resini hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya mafuta ya kalibu: zioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani kabla ya kitu chochote. Jasho la mikono nalo limo, na hapa kwetu jasho halina msimu.

Aibu yangu mwenyewe: hewa ya pwani inakula tupa za chuma kwa kutu, na mimi kwa akili zangu nikazipaka mafuta ya nazi. Mwezi mzima kila puti niliyopaka ilikuwa ikiinuka ukingoni. Nililaumu kopo, nikalaumu hadina, nikanunua kopo jingine. Kumbe nilikuwa nikikwaruza bodi kwa tupa ile ile na kuipaka nazi kabla ya puti. Sasa tupa zinakaa kwenye mkebe wenye mchele mkavu, na kabla ya kazi nazipangusa kwa spiriti.

Epoksi ni kesi ya peke yake. Haipendi kabisa kuwa nyembamba ukingoni. Ukiifinyanga, iache iishie kwenye pembe au mstari wa mlango, au usawazishe ukingo kwa kidole chenye maji ingali mbichi, ili msasa usiwe na kazi kubwa pale. Ukingo uliokwisha kumenyuka dondoshea supaglu nyembamba, itaingia chini yake yenyewe.

Dalili: praima imepita, mstari umeibuka

Uso ulikuwa laini kama ganda la yai. Umepuliza rangi, siku ya pili mpaka wa puti unaonekana kama ramani ya kisiwa.

Kama mstari umetokea baada ya siku au wiki, na ndani yake kumezama, puti imenywea. Hii ni puti ya thina iliyopigwa msasa kabla ya wakati: uliisawazisha ikiwa imevimba, ikaendelea kunywea chini ya rangi. Hakuna ujanja hapo isipokuwa kuanza upya kwa tabaka nyembamba.

Kama mstari umetokea dakika ile ile ya kupuliza, kosa ni jingine. Thina iliyomo kwenye rangi inanywewa na puti kwa kasi moja na plastiki kwa kasi nyingine, ukingo unavimba. Aliyepuliza mkupuo mzito wa kwanza ndiye anayelipata hili. Puliza praima nyepesi mara mbili tatu, kila moja ikauke, uipige namba 800 kwa maji, kisha praima tena. Unachotafuta ni puti na plastiki zifunikwe na kitu kimoja chenye unywaji mmoja kabla rangi yenyewe haijafika.

Siku za masika, hewa ikiwa nzito na nguo hazikauki, rangi inatoka na ukungu mweupe na watu wanadhani ni puti imetoa vumbi. Si puti. Ni unyevu umeganda kwenye rangi ikikauka. Ngojea mchana wenye upepo.

Dalili: mikwaruzo chini ya rangi

Hapa hesabu inatosha. Milimita moja ya kigari cha 1/24 ni milimita 24 za gari la kweli. Mkwaruzo wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni kama gari limekwaruzwa mfereji wa zaidi ya milimita mbili, na kwenye kigari cha 1/43 ni zaidi ya milimita nne. Rangi nyembamba haizibi hilo, na rangi nene inaua mistari ya milango.

Aliyeruka namba ndiye anayepata mikwaruzo: katoka 180 kaenda 800 moja kwa moja, na 800 haina nguvu ya kufuta njia za 180, inazing'arisha tu. Umbo utoe kwa 240, ulinganishe kwa 400, 600 kabla ya praima, 800 au 1000 juu ya praima. Ukibadili namba badili na upande wa kupiga. Njia za zamani zikipotea zote, ndipo umemaliza namba hiyo. Na namba ndogo zote zitumie juu ya puti, zisikanyage plastiki.

Dalili: mapovu, tena baada ya wiki mbili

Fundi mmoja wa bodi kule Mwanakwerekwe, nilipokuwa nakwenda kumwangalia akinyoosha madigadi, aliniona nachovya kigari changu kwenye ndoo. Akacheka. "Puti haiogi," akasema. "Praima ndiyo inaoga."

Puti ya hadina ina vinyweleo. Ukiipiga msasa wa maji inanywa, na hata ikionekana kavu juu, maji yamo. Ukifunga kwa rangi, siku ya joto yanatafuta njia ya kutoka. Piga kukavu, kwa ule msasa mweupe usioziba, kisha praima, na juu ya praima ndipo uingie na maji. Puti ya thina, epoksi na supaglu hazina tabu hiyo.

Maji nayo yaangalie. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu. Mwisho suuza kwa maji ya kunywa.

Kupiga kukavu kuna vumbi, na vumbi la poliesta si la kuvuta. Funika pua kwa barakoa hasa, si mtandio, na ufanyie barazani watoto wasipokuwepo.

Dalili: mistari ya milango imezibwa, au inapasuka ukiichonga

Mwanya wa mlango wa gari la kweli wa milimita nne, kwenye 1/24 ni chini ya sehemu mbili za kumi za milimita. Unazibwa na chochote. Kabla ya puti chora mstari upya kwa ncha ya sindano ili uwe na kina, na uzibe kwa ukanda mwembamba wa tepu kama unaweza.

Ukilazimika kuchonga mstari kupita juu ya puti, jua kwamba ya hadina na ya thina zinavunjika ukingoni kama biskuti. Pale mstari utakapopita, jaza kwa supaglu. Inachongeka safi kama plastiki ikiwa bado changa. Bandika tepu ngumu iwe rula, pita na sindano mara kumi kwa uzito wa mkono tu. Mara mbili kwa nguvu itaruka na kukuachia alama kwenye boneti.

Dalili: umbo limepotea

Uso laini, hakuna shimo, hakuna mstari, na bado gari halifanani. Madigadi la kushoto limenona kuliko la kulia, pembe ya paa imekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Hili halitokani na puti. Umependa sana kulainisha. Kata kadi ngumu kufuata umbo la upande uliosalimika, igeuze, iweke upande wa puti, utaona mwanga unapopita. Pembe kali zifunike kwa tepu kabla ya kupiga uso wa upande mmoja, kisha hamisha tepu, piga wa pili. Pembe inajitengeneza yenyewe.

Na zile mashine ndogo za umeme za kuzungusha, zenye kijiwe cha msasa: kwenye plastiki ziache kabatini. Zinapasha moto, plastiki inayeyuka na kuvutana na puti, na shimo la sekunde moja utalijaza wiki nzima.

Dalili: nyufa zisizoisha kwenye kigari cha zamani cha zinki

Umejaza ufa, umerudi, umejaza, umerudi, na mlango sasa haufungi. Bodi yenyewe inavimba. Zinki iliyochanganywa na uchafu wa risasi kiwandani huoza kutoka ndani, na hewa ya unyevu kama yetu huliharakisha. Puti haina neno hapo. Kiweke mbali pakavu, kipige picha kingali na umbo.

Ile kabini ya 502 ilikaa kwangu kuanzia Ijumaa, puti ya thina ikikaukia juu ya kabati. Jumapili baada ya alasiri kijana alikuja na kijiti chake cha aiskrimu, keshabandika namba 600 mwenyewe. Nilipaka unga wa penseli, akapiga. Peusi pakafutika pote isipokuwa kidoa kimoja chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, kidogo kuliko punje ya mchele. Akainua kidole cha shahada akitaka kukisugua. Akanitazama. Akakirudisha, akachukua kadi ya simu na tyubu ya puti.